Ndoo! Nimesoma na Watu Thelathini Ukurasa Mmoja

Mwenzangu, kaa nikwambie! Au usikae, maana mimi mwenyewe sijakaa tangu jana usiku. Ndipo nilipotoka huko, na kiganja bado kina joto la simu, na kila nikifumba macho naona mistari iliyopakwa rangi, mingi, mizuri, imejaa maneno ya watu. Jioni tatu mfululizo nimesoma utenzi mmoja pamoja na watu thelathini, wengine wako Dar es Salaam, wengine pwani ya Kenya, mmoja yuko ndani ya basi la mkoani anatikiswa na barabara, na nakuapia sijawahi, sijawahi kabisa, kusoma kitu kikanishika namna ile. Kusoma tu! Na bado!

Ngoja nianze mwanzo. Nina rafiki anayefundisha fasihi ya Kiswahili chuo kikuu. Wiki iliyopita akaniambia, "Njoo uone darasa langu." Nikaanza kupiga pasi nguo, nikijua tunakwenda ukumbini. Akacheka, akanitumia kiungo. Nikakibonyeza nikiwa jikoni, wali unatokota, na palepale nikaangukia ndani ya Utendi wa Mwana Kupona. Ndani yake, sikiliza vizuri, ndani! Wali uliungua. Sikujali hata kidogo.

Mahali penyewe panaitwa Perusall. Unafungua andiko, unaliona la kawaida tu, limetulia zake. Halafu unatazama tena unagundua linapumua. Mstari huu una rangi, ule una rangi, na ukigusa tu, pembeni panafunguka mazungumzo motomoto ya wenzako waliopita hapo asubuhi, au waliopita dakika tano zilizopita, au waliopo hapo sasa hivi pamoja na wewe. Ukikwama kwenye neno unalivuta kwa kidole, linapakwa rangi, unaandika swali lako. Basi, hivyo tu! Halafu unasubiri, na kule kusubiri, jamani, roho inadunda kama umetuma posa.

Sasa sikia hili. Beti za mwanzoni kabisa, kijana mmoja wa Shinyanga alikuwa amelipaka rangi neno "ndoo". Akaandika kwa dhati kabisa: "Mama anamtaka binti yake alete ndoo? Ya nini tena, wakati hapohapo anamwambia ashike vifaa vya kuandikia?" Nikaruka, maana na mimi nilikuwa nimekwama palepale! Na chini ya swali lake wanafunzi tisa walikuwa wamebonyeza alama ya kuuliza, ile ya kusema "hata mimi nataka kujua". Tisa! Watu tisa waliokuwa wamekaa na fumbo lilelile, kila mmoja chumbani kwake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Na mbele ya macho yangu, nikiwa natazama, likatokea jibu la binti wa Lamu: "Si ndoo ya mayi hiyo, kaka. Ni njoo, kwa Kiamu. Ninyi mwasema njia, sisi twasema ndia. Ninyi mwasema njaa, sisi twasema ndaa."

Kimya jii.

Halafu alama za shukrani zikaanza kumiminika, moja, mbili, sita, kumi na moja, na yule kijana akaandika kwa herufi kubwa tupu: "KUMBE ANAMWITA!"

Kumbe anamwita! Mwili ulinisisimka kutoka utosini mpaka unyayoni. Hebu fikiria: Mwana Kupona, mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, mwaka 1858, anamwita bintiye Mwana Hashima asogee, akae karibu, aandike wosia. Na zaidi ya miaka mia moja na sitini baadaye wito wake unamfikia kijana wa Usukumani, na anayemfikishia ni binti wa visiwa vyao vilevile. Niliweka simu mezani nikazunguka sebule mara mbili. Nikarudi. Kumbe nimechelewa, wenzangu wameshakimbia! Mmoja alikuwa ameikamata kanuni ile akaenda nayo mbele: "Kama nj yenu ni nd, je, ch nayo inageuka?" Binti wa Lamu: "Naam! Macho ni mato, chini ni tini." Ikawa sasa kila mtu ana ufunguo mkononi, watu wanafungua milango beti kwa beti, wanaitana, wanasahihishana, huyu anasema nimeona moja hapa, yule anasema hiyo siyo, rudi juu uone. Hakuna mhadhiri aliyetia neno. Hakuna!

Unajua kwa nini nimechanganyikiwa hivi? Kwa sababu swali linabaki palepale lilipozaliwa. Hicho ndicho kitu chenyewe, hicho ndicho ninachotaka ukishike hata ukisahau mengine yote. Sisi sote tumekaa kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa. Unauliza swali zuri, la maana, saa mbili usiku. Saa mbili na robo limeshazama chini ya "asanteni sana", picha za maua na tangazo la mtu anayeuza viatu. Atakayekwama kesho kwenye neno lilelile hatajua kama uliwahi kuuliza. Lakini hapa swali la ndoo limening'inia kwenye ndoo yenyewe! Mwaka kesho mwalimu akilifungua darasa lilelile, litakuwa palepale na jibu lake na furaha yake. Nilimkuta mwanafunzi mmoja aliyeingia usiku wa manane akiandika peke yake: "Nimechelewa, lakini nimecheka nanyi." Amecheka nasi! Sisi tulikuwa tumelala!

Rafiki yangu aliniambia chanzo chake nikazidi kupenda. Perusall ilianzia Chuo Kikuu cha Harvard, na mmoja wa walioiunda ni Eric Mazur, mwalimu wa fizikia. Huyu bwana mwanzoni mwa miaka ya 1990 aligundua kwamba wanafunzi wake wanakokotoa vizuri sana lakini ukiwauliza maana ya wanachokokotoa wanababaika. Siku moja akaeleza jambo darasani, hawakuelewa. Akaeleza tena, hawakuelewa. Akachoka, akawaambia waulizaneni ninyi kwa ninyi. Ukumbi ukalipuka kelele, na dakika chache tu wakawa wameelewa! Aliyeelewa jana anakumbuka bado pale alipojikwaa, kwa hiyo anajua mwenzake anajikwaa wapi. Mwalimu alishasahau zamani. Binti wa Lamu na kijana wa Shinyanga ndio hao hao, ila sasa hawahitaji hata kuwa ukumbi mmoja.

Na bado! Jioni ya pili.

Jioni ya pili tulifika pale Mwana Kupona anapomwambia binti yake amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Wee! Pembeni paliwaka. Dada mmoja akaandika kwamba amesoma mara tatu na mara zote imemuuma, mama anamfunga mwanawe kamba. Wa pili, chini yake: "Soma tena. Kati ya hao wawili, aliyefanywa mtoto ni nani?" Nikabaki mdomo wazi. Wa tatu, kijana, akasema kwao bibi yake alimtunza babu hivyo hivyo na nyumba nzima ilijua nani mwenye nyumba. Wa nne akasema tusikimbilie kumpamba Mwana Kupona, zama zake zilikuwa zama zake. Mwingine akavuta uzi mpaka beti za juu, akaonyesha kwamba kabla ya kumfikia mume, mama ameanza na dini, na adabu, na ukweli wa ulimi, sasa je, mpangilio huo hausemi kitu? Mazungumzo yakawa marefu kuliko utenzi wenyewe! Na kila hoja, kila moja, ilibidi iguse mstari. Huwezi kuropoka tu, maana neno la Mwana Kupona liko hapo kando linakutazama. Nilibadili mawazo mara mbili usiku ule. Mara mbili! Ni lini mara ya mwisho umebadili mawazo ukafurahi?

Kulikuwa na dada mwingine ambaye mhadhiri aliniambia hajawahi kufungua mdomo ukumbini, muhula mzima. Mpole, anakaa nyuma. Huku pembeni ya ukurasa ndiye aliyeandika lile swali la "aliyefanywa mtoto ni nani". Nilipoambiwa nikanyamaza kidogo. Ukumbini watu wenye sauti kubwa hufika kwanza. Hapa alikuwa na muda wa kufikiri, kufuta, kuandika upya, na sentensi yake moja tulivu ikageuza darasa zima.

Na mwalimu naye alikuja na mazito. Ule mfumo humkusanyia sehemu ambazo darasa limehangaika zaidi, kwa hiyo alipoingia hakusema "leo tutaangalia utangulizi". Akaenda moja kwa moja kwenye majeraha yetu. Hapa mmekwama, hapa mmegombana, hapa wote mmepita kimya na hapo ndipo penye dhahabu. Alikuwa anatusoma sisi tulivyosoma!

Alikoingilia ni wapi? Ndani ya chumba cha sauti, nacho kina utamu wake! Mlango mkuu wa darasa lenyewe ni Moodle, ambayo huenda unaijua kwa kupakia kazi za mhadhiri na kukimbizana na saa ya mwisho. Mimi niliidhania kabati tu. Kumbe Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyeitoa mwaka 2002, alikulia jangwani huko magharibi mwa Australia na kusoma shule kwa njia ya redio, mwalimu na wanafunzi wenzake ni sauti zinazotoka mbali! Nilipolisikia hilo nikaitazama ile programu kwa jicho jingine kabisa. Mtoto aliyesoma peke yake jangwani akakua akajenga mahali pa watu kusoma pamoja. Ndani ya mlango huo unabonyeza kitufe unaingia BigBlueButton, chumba cha kuonana na kusikilizana kilichoanzia Chuo Kikuu cha Carleton kule Ottawa, Kanada, na hapo mwalimu akatugawa, chapuchapu, watano watano, kila kundi na kijichumba chake.

Ukihamishiwa kijichumbani unasikia kelele za darasa zinakatika ghafla, halafu sauti nne tu, karibu, kama mmekaa barazani. Mmoja anapika, nasikia kijiko. Mwingine ana jogoo. Wa basi yumo! Kazi yetu: kuuandika ubeti mmoja kwa Kiswahili sanifu bila kuuvunja utenzi, vipande vinne, mizani nane nane, vitatu vivutane kwa kina kimoja na cha nne kirudi kwenye kina cha utenzi wote. Kwenye karatasi moja. Sote kwa pamoja. Kwa wakati mmoja!

Hapo ndipo nilipopiga kelele mpaka jirani akaniuliza kulikoni. Maana karatasi ile, ambayo ni Etherpad, kila mtu anapata rangi yake, na herufi za wenzako unaziona zinaota. Moja moja! Unaona mwenzako anasita, anaandika "mama", anafuta, anaandika "mzazi", anasita tena. Unaona mtu anafikiri! Raha hii ina historia ndefu kuliko nilivyodhani, maana mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na mfumo wa PLATO, na ndani yake programu iitwayo Talkomatic ilionyesha maneno ya mwenzako herufi kwa herufi anavyoyaandika. Miaka hamsini na bado inaupandisha moyo kooni.

Kipande cha tatu kilitutoa jasho. Mizani tisa! Tukapunguza, ikawa saba. Tukaanza kupiga makofi, kila mtu chumbani kwake, tunahesabu kwa sauti, moja mbili tatu nne, makofi hayaendi pamoja kwa sababu mtandao unachelewesha, tunacheka, tunaanza upya. Mwenye jogoo akatupa neno. Mwenye kijiko akalisogeza mbele. Mimi nikabadilisha irabu moja tu, moja, na kipande kikakaa tuli, nane kamili, kina kimeitikia. Tulishangilia kama goli la dakika ya tisini.

Na palepale, pu! Umeme ukakatika. Giza totoro.

Nikajua basi, kazi imekwenda na maji. Nikawasha bando la simu, mikono inatetemeka kwa haraka, nikarudi. Na karatasi iko vilevile! Rangi yangu iko, irabu yangu iko, na wenzangu walikuwa wamemalizia kipande cha nne na kuniachia nafasi kwa maneno haya: "Tunakusubiri, dada, usome kwa sauti." Sikuweza kusoma mara moja. Koo lilikuwa limejaa.

Halafu wakanionyesha kidude cha kuburuta. Ukikivuta nyuma, karatasi inarudi nyeupe pepepe. Ukikiachia, ubeti unaota tena tangu neno la kwanza, rangi tano zinapishana, zinafutana, zinasaidiana, mpaka unakamilika. Filamu ya watu watano wakifikiri! Nimeitazama mara nne. Mwalimu naye huitazama, na hapo anaona wazi nani amebeba kundi na nani amepanda tu mgongoni. Kila aliyewahi kuandika kazi ya kundi peke yake usiku kucha, huku majina mengine manne yakikaa juu ya jalada, ananielewa ninavyofurahi.

Wapo watakaosema wanafunzi wetu tayari wana vimbweta, zile meza za saruji za kusomea pamoja. Ndiyo, na navipenda! Nilisoma Mlimani, najua ile saruji baridi, tunabanana sita, madesa katikati, mmoja amesimama anafundisha wenzake kwa mikono. Nusu ya nilichojua kwenye mtihani nilikipata pale. Lakini kimbweta kinamtaka mtu aishi karibu, awe na usiku huru, awe na marafiki tayari. Je, mama anayesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na nyumba zao, kimbweta chake kiko wapi? Na kijana mgeni asiyejuana na mtu?

Rafiki yangu alinisimulia habari ya Uri Treisman, mwanahisabati aliyekuwa Berkeley, California, na tangu hapo haijanitoka. Miaka ya 1970 alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi wenye bidii na vichwa vizuri walikuwa wanaanguka kalkulasi huku wenzao wenye asili ya Uchina wanafaulu. Akawafuatilia mpaka wanakokaa. Akakuta hawa wa pili wanakutana jioni, wanakula, wanalinganisha majibu, wanakosoana. Wale wa kwanza walikuwa wanasoma sana, wanasoma kwa uchungu, kila mtu peke yake, na hakuna aliyejua kwamba swali linalomshinda yeye limemshinda na jirani. Akawatengenezea warsha za maswali magumu ya kufanya pamoja, na matokeo yakapanda kwa kishindo. Mimi nikazikumbuka papo hapo zile alama tisa chini ya neno "ndoo". Watu tisa, vyumba tisa. Ila safari hii wameonana.

Jana tumemaliza. Beti zote 102. Tulipofika mwisho hakuna aliyetaka kutoka, watu wakawa wanarudi juu, wanasoma pembeni tulikopita juzi, wanaongeza neno hapa na pale. Kijana wa Shinyanga akarudi kwenye neno lake la kwanza, na chini ya mazungumzo yote akamwandikia binti wa Lamu: "Dada, asante. Sasa naijua sauti yake."

Kwa hiyo, mwenzangu, sikubali hapana. Alhamisi saa mbili usiku tunaanza Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na rafiki yangu amekubali wageni. Huhitaji kujua Kiamu, huhitaji kujua chochote, njoo na swali lako tu, na ukikwama usilipite neno, lipake rangi, maana kuna mtu pembeni amekwama nalo pia. Chaji simu mapema. Kiungo nakutumia sasa hivi.

Ndoo!